Chovya au fikicha: Chungu cha Kusini mwa Marekani na majina yaliyosahauliwa jikoni

*Mboga ambayo Mkenya anaiita sukuma wiki iliwahi kugombanisha gavana na mhariri wa gazeti. Nyuma ya ugomvi huo wa kuchekesha kuna swali lisilochekesha: ni nani hasa aliyekuwa akipika?*

Februari 1931 Marekani ilikuwa na mambo mazito ya kujadili. Uchumi umeanguka, benki zinafungwa, wanaume wenye familia wanapanga foleni mijini kungojea bakuli la supu ya msaada. Lakini kwa wiki kadhaa magazeti ya Kusini yalikuwa na swali jingine kabisa: mkate wa mahindi, unauchovya ndani ya mchuzi wa mboga au unaufikicha juu yake?

Wachovyaji waliongozwa na Huey Long, gavana wa Louisiana, mwanasiasa wa makelele na vituko ambaye nusu ya jimbo ilimwabudu na nusu nyingine ilimwogopa. Kwa wafikichaji alisimama Julian Harris, mhariri katika gazeti la Atlanta Constitution. Wasomaji nao hawakukaa kimya. Barua zilimiminika, kila mmoja akiapa kwamba bibi yake ndiye aliyejua.

Mchuzi wenyewe wanauita potlikker. Ni maji yanayobaki chunguni baada ya majani ya collard kuchemshwa kwa saa mbili tatu pamoja na kipande cha nyama ya nguruwe iliyokaushwa kwa moshi. Na collard, msomaji wa Nairobi hahitaji kuchorewa picha, ndiyo sukuma wiki.

Mkenya anayehamia Atlanta au Dallas haimchukui muda kugundua kwamba sukuma yake ipo supamaketi, imefungwa mafungu, majani mapana kama sinia. Kinachomshangaza ni mapishi. Yeye anaikata nyembamba, anaitia kwenye kitunguu na nyanya, dakika chache inaepuliwa ikiwa bado kijani. Wenyeji wanaichemsha hadi ilegee na kupoteza rangi, na wanachokigombea ni maji yake.

Sukuma wiki ni jina la mboga, lakini pia ni msemo mzima, wenye mshahara, tarehe mbaya na matumaini ndani yake. Kusini mwa Marekani nako ni hivyohivyo. Nilipopewa kazi ya kuandika juu ya misemo ya huko na mapishi ya nyumbani nilidhani nimepewa makala mbili. Kumbe ni moja.

Ki- iliyodondoka baharini

Kwa Mtanzania, ukisema kusini anafikiria Lindi na Mtwara, korosho na ufuta. Kwa Mmarekani, Kusini ni yale majimbo yaliyokuwa ya mashamba ya watumwa, kuanzia Virginia hadi Texas, ambayo 11 kati yake yalijitenga na kupigana vita vya 1861 hadi 1865 kuutetea utumwa huo. Ni eneo lenye lafudhi yake, meza yake na kidonda chake.

Chukua neno *goober*, jina la karanga kwa wazee wa Georgia. Msomaji wa Kinshasa atatabasamu: ni *nguba*, karanga kwa Kikongo na Kilingala. Jina jingine la zamani la karanga huko, *pinder*, ni *mpinda*, Kikongo vilevile.

Gumbo, ile supu nzito ya Louisiana, wataalamu wengi huihusisha na *kingombo*, bamia kwa Kimbundu cha Angola. Hiyo *ki-* ni ndugu wa *ki-* ya kiti na kijiko. Ilidondoka mahali fulani kati ya Luanda na New Orleans, shina likabaki.

Wapo wanaopinga. Wanasema neno limetokana na lugha ya Wachoctaw, wenyeji asilia waliofundisha watu kuikoleza supu kwa unga wa majani ya msasafrasi. Wafaransa nao wana dai lao chunguni, kwa sababu gumbo nyingi huanza na unga wa ngano uliokaangwa kwa mafuta hadi ugeuke hudhurungi. Kwa maoni yangu chungu kina nafasi ya wote watatu, ila bamia haikutoka Ufaransa wala haikuota Mississippi. Ilitoka Afrika, na mtu aliyejua kuipika alitoka nayo.

Kunde ni hivyohivyo. Siku ya mwaka mpya familia za Kusini, weupe kwa weusi, hula wali wa kunde wanaouita Hoppin' John, na majani ya collard pembeni. Kunde ni sarafu, majani ni noti, mkate wa mahindi ni dhahabu. Ule kimaskini siku ya kwanza, wanasema, upate kula kitajiri mwaka mzima. Mtu wa Tanga akiwekewa sahani hiyo ataulizia tui la nazi, basi.

Ufuta nao Waafrika waliotekwa walikwenda nao. Pwani ya South Carolina bado wanauita *benne*, neno la Afrika Magharibi, na wanauokea biskuti nyembamba zinazokatika kama kashata.

> Hiyo *ki-* ilidondoka mahali fulani kati ya Luanda na New Orleans, shina likabaki.

Kwa muda mrefu wasomi hawakutaka kusikia habari hizi. Watu weusi wa visiwa vya South Carolina na Georgia, wanaoitwa Wagullah au Wageechee, walikuwa na lugha yao, na maelezo yaliyokubalika ni kwamba ni Kiingereza kilichoharibika midomoni mwa watu wavivu wa ulimi. Lorenzo Dow Turner, msomi mweusi wa isimu, hakuridhika. Miaka ya 1930 alikwenda visiwani na mashine ya kurekodia sauti, akajifunza lugha za Afrika, akalinganisha neno kwa neno. Kitabu chake cha 1949 kiliorodhesha maelfu ya maneno na majina ya watu yenye asili ya Afrika. Watu waliokuwa wakichekwa walikuwa wametunza kamusi.

Kushiba kama kupe

Misemo ya Kusini inanukia moshi wa jiko na zizi. Mtu aliyekula vizuri anasema ameshiba kama kupe. Mwenye hasira ni kuku aliyelowa. Hoja isiyo na mashiko ni mbwa asiyeweza kuwinda. Anayeishi kwa starehe anakula *sehemu ya juu ya nguruwe*, na wengi wanaeleza msemo huu kwa historia ya shambani: mnofu wa mgongo na paja ulikwenda nyumba kubwa, kwato na utumbo vikabaki kwa waliofuga na kuchinja.

Kuna mmoja unaomshtua Mwafrika yeyote. Chakula kikiwa kitamu kupita kiasi, wanasema kinakufanya utamani *kumpiga mama yako kofi*. Sisi tunaishia kujiuma vidole, na nadhani tubaki hapohapo.

Jua likiwaka huku mvua inanyesha, huko shetani anampiga mkewe. Tanzania simba anazaa, Kenya fisi anazaa. Sijui nani aliwapa watu wote wa dunia wazo kwamba hali hiyo ya hewa inahitaji maelezo, lakini kati ya hayo matatu nachagua simba.

Sarufi yao nayo ina mantiki ambayo Mswahili anaielewa haraka kuliko Mwingereza. Kiingereza sanifu kilipoteza *ninyi* yake. *You* ni wewe na ni ninyi. Kusini waliona pengo wakaliziba kwa *y'all*. Sisi tulio na *njooni* na *kaeni* hatuwezi kuwacheka. Na anayejiandaa kuondoka husema *fixin' to*, yaani yuko mbioni kufanya, kama sisi tunavyosema mvua inataka kunyesha, ingawa mvua haina utashi wowote.

Msemo ulio maarufu kuliko yote ni *bless your heart*, Mungu aubariki moyo wako. Ukifiwa, ni pole ya kweli. Ukiwa umevaa vibaya kanisani, au umeleta saladi ya viazi isiyo na chumvi, maneno ni yaleyale, sauti ni ileile, na umekwisha. Mwanamke wa Mombasa au Unguja anayejua kuchagua kanga ya kupita nayo mbele ya mtu fulani anaifahamu sanaa hii bila mkalimani.

Lakini lafudhi inayobeba maneno hayo inapungua. Mwaka 2023 watafiti wa vyuo vikuu viwili vya Georgia walichapisha uchunguzi wa sauti za wenyeji wa jimbo hilo: kwa wazungu, irabu za Kikusini zilifikia kilele kwa waliozaliwa baada ya Vita Kuu ya Pili, zikaporomoka ghafla kwa kizazi kilichozaliwa kuanzia katikati ya miaka ya 1960. Wageni wamehamia Atlanta kwa kazi, vijana wamesoma na watoto wa wageni.

Aibu nayo imechangia. Clarence Thomas, jaji wa Mahakama Kuu ya Marekani aliyezaliwa 1948 katika kijiji cha Pin Point, Georgia, aliwahi kuwaeleza wanafunzi kwamba alikua akizungumza Kigeechee, akachekwa shuleni, na kwamba tabia yake ya miaka hiyo ya kukaa kimya mahakamani ilianzia hapo, kwenye kujifunza kusikiliza kuliko kusema. Nani kati yetu hamjui mtoto wa namna hiyo?

Sukari inatafuta nini humu?

Ukitaka kuvunja chakula cha mchana cha Jumapili huko, uliza kama mkate wa mahindi utiwe sukari. Upande mmoja unasema mkate wenye sukari ni keki, na anayebisha aende Kaskazini. Upande wa pili, zikiwemo familia nyingi za weusi, unasema bila sukari ni matofali.

Wote wawili huapa kwa bibi zao, na inawezekana bibi wote walikuwa sahihi. Zamani mahindi yaliachwa yakomae na kukauka shambani, kisha yakasagwa kwa jiwe kidogokidogo, kiini kikiwemo. Unga ule ulikuwa na utamu wake. Mwanzoni mwa karne ya 20 vikaja vinu vya chuma vya viwandani. Mahindi yakavunwa mapema, yakakaushwa kwa mashine, kiini kikaondolewa ili unga usioze dukani. Utamu ukaondoka na kiini. Mpishi akaonja, akakunja uso, akafuata kopo la sukari. Anayekula dona na anayekula sembe wanaelewa ugomvi huu bila kufundishwa.

Kilichoondoka hakikuwa utamu tu. Miaka hiyohiyo ugonjwa wa pelagra ulienea Kusini: ngozi inaungua na kubanduka, tumbo linaharisha, akili inavurugika, mwisho kifo. Maskini wa mashamba ya pamba, weusi na weupe, walikuwa wakiishi kwa mahindi, mafuta ya nguruwe na asali ya miwa, majira yote. Watafiti wengi wanaamini vinu vipya viliongeza tatizo ambalo umaskini ulikuwa umekwisha kulianzisha. Wenyeji asilia wa bara lile walikuwa wakichemsha mahindi kwa majivu au chokaa, na hilo hufungua vitamini iliyojificha ndani yake. Walowezi walichukua mahindi, wakaacha somo.

Daktari Joseph Goldberger alipotumwa na serikali mwaka 1914, wengi waliamini ni ugonjwa wa kuambukiza. Yeye akasema ni chakula. Aliwapa wafungwa wa Mississippi, waliojitolea kwa ahadi ya msamaha, mlo uleule wa maskini, na baadhi yao wakapata pelagra. Waliobisha bado walibisha. Basi yeye na wenzake wakajidunga damu ya wagonjwa na kumeza vidonge vyenye magamba ya ngozi za wagonjwa haohao, na mkewe naye akadungwa damu. Hakuna aliyeugua. Wanasiasa wa Kusini walichukia si kwa sababu alikosea, bali kwa sababu alisema hadharani kwamba watu wao wana njaa. Alikufa 1929, vitamini yenyewe, niasini, ilitambuliwa kuwa ndiyo tiba 1937.

Naandika haya kwa sababu makala nyingi kuhusu mapishi ya nyumbani huko Kusini zimejaa siagi na machozi ya furaha. Nyumba nyingi hazikuwa na siagi.

Chungu ni cha nani?

Mwaka 1824 bibi mmoja wa tabaka la juu, Mary Randolph, alichapisha kitabu cha mapishi ya Virginia ambacho wengi wanakihesabu kuwa msingi wa vitabu vyote vya Kusini. Bamia imo. Gumbo imo. Wapishi watumwa waliosimama kwenye moto hawamo.

Mwaka 1881 Abby Fisher, mwanamke mweusi aliyezaliwa utumwani na ambaye hakujua kusoma wala kuandika, alichapisha kitabu chake San Francisco kwa kuwaimlia watu wa mjini. Waliandika walichosikia. Succotash, mchanganyiko wa mahindi na maharage, ikatokea kitabuni ikiwa *circuit hash*. Jambalaya ikawa *jumberlie*. Lafudhi ya Kusini ilipigwa chapa bila mwandishi kujua anaandika nini, na leo makosa hayo ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote: ukisoma kwa sauti, unamsikia mama mwenyewe.

> Bamia imo. Gumbo imo. Wapishi watumwa waliosimama kwenye moto hawamo.

Wapo pia waliolificha jina kwa makusudi. Montgomery, Alabama, wakati weusi walipogomea mabasi yenye ubaguzi, mgomo ulioanza Desemba 1955 na kudumu siku 381, mpishi Georgia Gilmore alikusanya wanawake waliokaanga kuku na kuoka keki usiku, wakaziuza majumbani na kwenye saluni, fedha zikaenda kununulia mafuta ya magari yaliyobeba wagomaji. Wengi wao walikuwa wapishi na watumishi wa wazungu, wakijulikana wangefukuzwa. Basi kikundi kikaitwa Klabu ya Kusikojulikana. Fedha zimetoka wapi? Kusikojulikana. Gilmore mwenyewe alitoa ushahidi mahakamani 1956 katika kesi ya Martin Luther King, kiongozi wa mgomo huo, akapoteza kazi. Akageuza nyumba yake kuwa mgahawa.

Ugomvi wa umiliki ulilipuka upya 2013. Paula Deen, mpishi mzungu wa Georgia aliyetajirika kwa vipindi vya televisheni, alikiri chini ya kiapo kwamba amewahi kutumia neno la kuwatukana weusi. Mikataba ikayeyuka. Michael Twitty, mpishi na mwanahistoria mweusi anayepika mashambani kwa vyombo na mavazi ya enzi za utumwa, alimwandikia barua ya wazi. Jambo la kushangaza ni kwamba hilo neno halikumsumbua sana. Kilichomuuma ni mapishi yaliyorithiwa kutoka mikono ya weusi na kuuzwa kama mali ya bibi wa kizungu bila kuwataja. Akamkaribisha Deen wapike pamoja kwenye shamba la zamani la Stagville, North Carolina.

Miaka mitatu baadaye jarida la Oxford American lilichapisha mjadala kati ya John T. Edge, mzungu aliyekuwa akiongoza taasisi kubwa ya utafiti wa vyakula vya Kusini, na Tunde Wey, mpishi mzaliwa wa Nigeria. Kichwa kiliuliza ni nani mwenye chakula cha Kusini. Edge alikiri deni. Wey akajibu kwamba deni halilipwi kwa kukiri. Aliyekaa kitini ainuke.

Upande wa pili hauna watu wabaya tu. Mzungu maskini wa milima ya Tennessee, ambaye babu zake hawakuwa na mtumwa wala shamba la maana, anauliza kwa nini maharage na mkate wa mahindi aliolelewa nao uwe wa mtu mwingine. Ana haki ya kuuliza. Jibu langu ni kwamba hakuna anayemnyang'anya sahani. Anachoombwa ni kutaja jina la aliyemfundisha bibi yake, pale jina linapojulikana.

Mlango wa pembeni

Katika kisiwa cha Edisto, South Carolina, aliishi Emily Meggett, Mgullah aliyezaliwa 1932. Alipika kwenye nyumba za wazungu kwa miongo mingi na kanisani bila malipo. Jirani wakiona mlango wa pembeni wa nyumba yake uko wazi, walijua chakula kipo. Hakuna aliyepiga hodi.

Hakuwahi kupima. Chumvi ilikuwa ya kiganja, unga wa jicho. Alipokubali kuandika kitabu, watu walilazimika kumkimbiza na vikombe vya vipimo kabla mkono haujatumbukiza. Kitabu kilitoka 2022, yeye akiwa karibu na miaka 90, na kikaingia kwenye orodha ya vitabu vinavyouzwa zaidi nchini. Alifariki mwaka uliofuata.

Visiwa vyenyewe vinabadilika. Kisiwa cha Hilton Head kilipata daraja la kwanza 1956, likaleta viwanja vya gofu, bei ya ardhi na kodi. Ardhi ya Wagullah wengi ni ya ukoo isiyo na hati ya mtu mmoja, na ardhi ya namna hiyo mahakamani huponyoka kwa urahisi. Mwaka 2006 Bunge la Marekani lilitambua ukanda wa urithi wa Wagullah kutoka North Carolina hadi Florida. Agano Jipya kwa Kigullah lilichapishwa 2005. Kwa bei ya ardhi, vyote viwili havijasaidia kitu.

Na wale wachovyaji? Ugomvi wa 1931 ulimfikia Franklin Roosevelt, wakati huo gavana wa New York. Tangu 1924 alikuwa akienda Warm Springs, Georgia, kuogesha miguu yake iliyopooza kwenye maji ya uvuguvugu, na alijihesabu Mgeorgia wa kupanga. Akapeleka salamu gazetini: suala hili lipelekwe kwenye kamati ya ilani ya mkutano mkuu ujao wa chama cha Democratic. Yeye, akakiri, anafikicha.

Rais Roosevelt alifia Warm Springs, kwenye nyumba yake ndogo, tarehe 12 Aprili 1945, chakula cha mchana kikiwa bado jikoni. Mpishi wake hapo alikuwa Daisy Bonner, mwanamke mweusi wa Georgia. Baada ya kifo alichukua penseli, akaandika ukutani mwa jiko kwamba Daisy Bonner ndiye aliyempikia rais mlo wa kwanza na wa mwisho katika nyumba hii. Nyumba sasa ni makumbusho. Maandishi yapo.